Vipuri Vikuukuu vya Magari ya Kasi: Vipimwe Kabla ya Kuuzwa

Yeyote aliyepata kusimama mlangoni mwa yadi ya vipuri hapa Mombasa siku ya kufunguliwa kontena amejionea mwenyewe jinsi biashara hii ilivyokua. Kabla kufuli halijafunguliwa, makanika, madalali na vijana wenye magari huwa wamekwisha kukusanyika. Zinapoanza kushushwa giaboksi, difu, ekseli, kalipa za breki na shokapu zilizofungwa kwa waya mbili mbili, kila mmoja hukimbilia alichokuwa akikitafuta. Baada ya saa chache vilivyo bora huwa vimekwenda, na aghalabu usiku huo huo baadhi yake huwa vimekwisha kufungwa katika magari na kupelekwa barabarani.

Hatuandiki leo ili kuilaani biashara hii. Inawalisha watu wengi, na imewafundisha kazi vijana ambao hawakubahatika kukaa darasani. Tunaandika kwa sababu ya yale yasiyofanyika baina ya kushushwa kwa kipuri na kufungwa kwake garini. Mara nyingi hakipimwi. Hakuna anayeuliza kilitoka katika gari lililopatwa na nini. Wala hakiandikiwi hati inayoweza kusomwa na mtu kesho yake. Kama kingekuwa kioo cha pembeni au kiti cha nyuma, neno hili lingekuwa dogo. Lakini breki, shokapu na viungo vya usukani ni vitu vinavyobeba roho za watu, na gari la kasi ndilo linalovitaka vifanye kazi kwa nguvu kupita magari yote mengine.

ASILI YA BIASHARA

Yafaa kwanza tufahamu bidhaa hii yatoka wapi na kwa nini ni nyingi. Sehemu kubwa yatoka Japani. Wajapani huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama tufanyavyo sisi, na kama wafanyavyo ndugu zetu wa Tanzania na Uganda. Kwa hiyo usukani wa gari lao uko upande ule ule tunaoutaka. Isitoshe, serikali yao ina ukaguzi mkali wa magari wanaouita shaken. Gari dogo la binafsi likiwa jipya hupewa miaka 3, na baada ya hapo hukaguliwa kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona heri kuachana nalo kuliko kulitengeneza. Tangu Januari 2005 nchi hiyo ina sheria ya kuyavunja na kuyarejesha viwandani magari yaliyokwisha muda wake. Basi kuna magari mengi yanayovunjwa kwa utaratibu, na vyuma vingi vizuri vinavyotafuta mnunuzi.

Vipuri vingine huja kwa njia ya Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ambako kuna soko kubwa la vyuma vya magari linalojulikana na wafanyabiashara wa Afrika nzima. Kutoka bandari yetu ya Kilindini shehena husambaa hadi Nairobi, na kuvuka mpaka hadi Kampala, ambako soko la Kisekka lina sifa ya kwamba hapana kipuri kinachokosekana.

Magari ya kasi yana sababu yao ya pekee ya kutegemea vipuri vilivyotumika. Kwa kanuni za Kenya, gari zima lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Lakini magari ambayo vijana wetu huyaenzi zaidi ni ya zamani kuliko hapo. Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zote mbili zilianza mwaka 1992, na hiyo ya pili haitengenezwi tena. Toyota Altezza ilikoma mwaka 2005. Mwenye gari la namna hiyo akivunjikiwa na giaboksi, kuipata mpya ni shida kubwa, na akiipata, bei yake huenda ikakaribia thamani ya gari zima. Ndiyo sababu vipuri huja peke yake, au huja gari lililokatwa nusu ya mbele, ambalo wauzaji huliita noskati, likiwa na injini, giaboksi, breki na shokapu zake zote.

UKUUKUU SI AIBU

Wapo wanaosema kwamba mapenzi ya magari ya kasi ni ugonjwa ulioletwa na vijana wa siku hizi. Hawasemi kweli. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na tangu hapo watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekuwa wakisimama kando ya njia, wamejaa vumbi hadi nyusi, ili kuyaona magari yakipita. Mwaka 1965 Joginder Singh, akisaidiana na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari akiendesha Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika na wengine kabla ya kufika mikononi mwake. Naye Joginder, aliyekuwa mtu wa gereji kabla ya kuwa bingwa, hakulipeleka mashindanoni mpaka alipojua hali ya kila kitu kilichokuwa ndani yake. Safari iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, maelfu ya watu walijazana Naivasha kana kwamba haikupata kuondoka.

Tunalikumbusha jambo hili kwa makusudi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kipuri cha asili kilichotengenezwa na kiwanda cha gari lenyewe, hata kama kimetumika miaka kadhaa, mara nyingi ni bora kuliko kipuri kipya cha bandia kilichotiwa katika kisanduku chenye jina la kuazima. Makanika wetu wanalijua hilo, na ndiyo maana wengi wao humshauri mteja achague kilichotumika. Ushauri huo si wa hila. Lakini ni ushauri unaofaa kwa baadhi ya vipuri tu, na hapa ndipo tunapotaka kuzungumza kwa kituo.

VITU VYA NAMNA TATU

Twaona kwamba vipuri vya gari vyaweza kugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vyuma ambavyo hali yake yaweza kupimwa: giaboksi, difu, propela shafti, mwili wa kalipa, mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Fungu la pili ni vitu vilivyoumbwa ili viliwe na kazi: pedi za breki, sahani ya klachi, na kwa kiasi fulani diski za breki. Fungu la tatu ni vitu ambavyo huuawa na umri wenyewe, hata vikiwa vimelala ghalani: mipira ya breki, bushi, vifuniko vya mpira vya viungo, na mafuta.

Vya fungu la kwanza vyaweza kuuzwa vikiwa vimetumika, mradi muuzaji ajue anachouza. Chukua mfano wa Subaru, gari ambalo magurudumu yake manne yote huendeshwa na injini. Ndani ya giaboksi yake mna difu ya mbele, na kule nyuma kuna difu ya pili. Lazima zote mbili ziwe na uwiano mmoja wa meno. Kuna difu zenye meno 40 kwa 9, yaani uwiano wa 4.44, kuna zenye 37 kwa 9, yaani 4.11, na kuna zenye 39 kwa 10, yaani 3.9. Kwa macho ya mnunuzi zote ni chuma kile kile chenye grisi. Kijana akifungiwa giaboksi ya 4.44 na kuachiwa difu yake ya nyuma ya 4.11, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yakivutana kila hatua ya safari, na mzigo wote wa ugomvi huo utaiangukia difu ya kati mpaka iungue. Kisha kijana atarudi kulalamika kwamba aliuziwa giaboksi mbovu, na muuzaji ataapa kwamba ilikuwa nzima. Na wote wawili watakuwa wakisema kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu meno, kazi isiyomchukua fundi muda mrefu.

Shokapu nazo zina kipimo chake. Shokapu njema ikisukumwa kwa mkono hushuka kwa ukinzani ulio sawasawa tangu juu hadi chini, na zile zenye gesi hupanda zenyewe zikiachwa. Ikiwa imelowa mafuta shingoni, au fimbo yake imepinda, basi imekwisha, hata ikipakwa rangi ya kupendeza namna gani. Nazo hazibadilishwi moja moja bali jozi kwa jozi. Kuna desturi nyingine hatuna budi kuikemea: ile ya kukata springi kwa msumeno au kuzichoma kwa moto ili gari lilale chini lionekane kali. Springi iliyochomwa imepoteza nguvu zake; iliyokatwa haikai tena vizuri katika kiti chake. Gari lililokatwa springi halikimbii vizuri zaidi. Linaonekana tu kana kwamba linakimbia.

Diski ya breki imechorwa ushahidi wake juu ya mwili wake yenyewe. Kiwanda hupiga chapa ya unene ambao diski haifai kutumika ikipungua kuufikia. Diski iliyozaliwa na milimita 30, kwa mfano, yaweza kuandikwa kwamba mwisho wake ni 28. Kwa hiyo uhai wake wote ni milimita 2, na hapana jicho la mwanadamu linaloweza kuziona bila kipimo cha maikromita. Diski iliyoliwa kupita kiasi haiwezi kuubeba moto wa breki. Huchemka upesi, hupinda, na mwisho hupasuka.

Ama vitu vya fungu la tatu, hivyo havina mjadala. Mpira wa breki uliokaa miaka kumi na mitano chini ya gari huko Osaka haukufanywa upya kwa kuvuka bahari. Nayo mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafikie angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango chaweza kuteremka hadi 155. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kopo lililoachwa wazi wiki kadhaa katika gereji ya Mombasa si kitu cha kumtilia mtu katika breki. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedeli ikaenda hadi chini, na gari likaendelea na safari yake.

TULIYOYAONA

Hatusemi haya kwa kusoma vitabuni tu. Kijana wa mmoja wetu hapa ofisini alinunua katika duka moja, ambalo hatutalitaja, seti nzima ya breki ya gari la kasi: diski, kalipa zilizopakwa rangi ya dhahabu, pedi na mipira yake. Risiti aliyopewa ilikuwa na maneno mawili, "Breki seti", pamoja na bei. Na chini yake ilikuwa imechapwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi alizifunga jioni. Siku ya tatu kijana alikuwa akiteremka kutoka Mazeras kuelekea Miritini, nyuma ya lori, akishika breki na kuachia, kama kila mtu anavyofanya katika mteremko ule. Pedeli ikazama. Kwa kuogopa kulivaa lori alizungusha usukani, gari likatoka nje ya barabara likasimama mtaroni. Yeye alivunjika mkono. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kando ya njia akiuza maembe alipondwa mguu, na mpaka leo hatembei sawasawa.

Makanika mmoja mzee aliitwa azitazame zile breki. Diski zilizoandikwa 28 zilikuwa 26. Pedi zilikuwa zimebaki unene kama wa sarafu, na mpira mmoja ulikuwa umepasuka kwa ndani. Muuzaji alipofuatwa alijibu kwa utulivu kwamba kijana alikuwa na macho, alikiona alichokinunua, na hakuna aliyemlazimisha.

Jibu hilo tumelifikiria sana. Lina sehemu ya ukweli, maana kijana naye alikuwa na wajibu wa kuuliza, na fundi aliyezifunga alikuwa na wajibu mkubwa zaidi wa kukataa. Lakini yule mama wa maembe hakununua breki. Hakuoneshwa risiti, hakuulizwa bei, wala hakupata nafasi ya kutumia macho yake. Hilo ndilo jambo linaloitenga biashara ya breki na biashara ya viatu au ya redio. Redio mbovu humuumiza aliyeinunua. Breki mbovu humtafuta mtu asiyehusika.

Tusitie chumvi. Watu wanaokufa katika barabara zetu, ambao walikuwa zaidi ya 4,000 kila mwaka kati ya 2021 na 2023, hawakuuawa wote na vipuri. Mwendo wa kupindukia, ulevi, uchovu na barabara mbaya vina sehemu yao, nayo ni kubwa. Lakini haifai kuuacha mlango mmoja wazi kwa sababu tu mingine haijafungwa.

VIPURI VYA WIZI

Liko jambo jingine ambalo wafanyabiashara waaminifu wenyewe hutulalamikia. Kwa kuwa hakuna anayeandika kipuri kimetoka wapi, soko hili limekuwa maficho mazuri ya mali ya wizi. Mtu huamka asubuhi akakuta gari lake limesimama juu ya mawe. Magurudumu yamekwenda, na pengine kalipa nazo zimekwenda. Wapo waliokwenda kutafuta badala yake wakauziwa vyao wenyewe. Watu hucheka wakisimuliana, lakini si jambo la kuchekesha. Sheria yetu ya jinai inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Mnunuzi anayefurahia bei ya chini kupita akili na asiulize neno, huyo ndiye anayemtuma mwizi kazini usiku unaofuata.

JE, IPIGWE MARUFUKU?

Wapo wanaotaka serikali iifunge biashara yote ya vipuri vilivyotumika. Tunaelewa hasira yao, lakini hatukubaliani nao. Marufuku ya namna hiyo haitaondoa haja. Magari yako barabarani na yataendelea kuharibika. Itakachofanya ni kupandisha bei, kuihamishia biashara vichochoroni ambako hata ile risiti ya maneno mawili haitapatikana, na kuwafungulia mlango wauzaji wa vipuri vya bandia. Mwenye kipato kidogo ndiye atakayeumia. Na vijana waliojifunza kufungua giaboksi na kuifunga wakiwa wamefumba macho watarudishwa vijiweni.

Wapo wengine wasemao kwamba soko liachwe lijiendeshe, kila mnunuzi ajichunge. Hawa tumekwisha kuwajibu kwa habari ya mama wa maembe. Tena wasisahau kwamba sheria haiwaungi mkono. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema tangu zamani kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, na akamtegemea kwa ujuzi wake, basi bidhaa hiyo lazima iifae kazi ile. Nayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ilikuja kuongeza nguvu. Mtu anayeuza breki anajua zitafanya kazi gani. Yale maneno yaliyochapwa chini ya risiti hayawezi kuwa ngao ya kila kitu, na wananchi wasiyaogope kana kwamba yameteremshwa kutoka mbinguni.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwa hiyo tunatoa mwito ufuatao.

Kwanza kwa wauzaji. Kila kipuri cha breki, cha usukani, cha springi na shokapu, na cha kupitisha nguvu za injini kiandikiwe hati: kimetoka katika gari la aina gani na la mwaka gani, namba ya chesi ikiwapo, gari lilikuwa limegongwa au halikugongwa, na kipimo chake siku ya kuuzwa. Diski ipimwe mbele ya mnunuzi na unene uandikwe. Difu ihesabiwe meno. Muuzaji ampe mnunuzi siku chache, tuseme 7, za kukirudisha kipuri ambacho fundi amekikuta na kasoro isiyoandikwa. Pedi zilizotumika, mipira ya breki iliyotumika, na bushi zilizokauka zisiuzwe kamwe, zitupwe. Tunajua kwamba wako wauzaji ambao tayari hufanya hivi, na wateja wao huwarudia mwaka baada ya mwaka. Hao ndio wanaopaswa kuungana na kuwasimamia wenzao, maana jina la biashara nzima huharibiwa na wachache.

Pili kwa mafundi. Ninyi ndio mlango wa mwisho. Mteja hajui, na muuzaji hayupo wakati wa kufunga. Fundi yupo, na kipuri kimo mkononi mwake. Fundi anayefunga breki anayojua kwamba ni mbovu, kwa kuwa tu mteja amesisitiza, hatakuwa na la kujitetea. Kukataa kazi moja si hasara kubwa. Na kila gereji iwe na maikromita yake. Chombo hicho kina bei, lakini hakizidi bei ya aibu.

Tatu kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA), na kwa serikali za kaunti. Tunaomba itolewe orodha fupi, kwa Kiswahili chepesi, ya vipuri visivyofaa kuuzwa vikiwa vimetumika, ibandikwe katika kila duka linalopewa leseni. Orodha ya ukurasa mmoja inayosomwa na kila mtu ina faida kuliko kanuni za kurasa mia zinazokaa kabatini. Wakaguzi wafike yadini na vipimo mikononi, wala wasifike na mikono mitupu inayongoja kujazwa. Na vyuo vyetu vya ufundi viwafungulie milango mafundi wa jua kali kwa mafunzo mafupi ya upimaji, hata ya mwisho wa juma, pasipo kuwadai vyeti ambavyo hawakupata kuvisomea.

Nne, na pengine hapa ndipo tunapotaka kusikika zaidi, kwa vijana wenyewe. Hatuwakatazi kupenda magari. Lakini tunawaona wengi wakianza na kile kinachoongeza kasi, na breki wakaziacha ziwe neno la mwisho, zinunuliwe kwa chenji iliyobaki. Waendeshaji wa Safari hawafanyi hivyo. Gari lililoongezwa nguvu bila kuongezwa uwezo wa kusimama halijakuwa bora. Limeongezewa tu uwezo wa kuua. Mwenye fedha kidogo na aanze na mafuta mapya ya breki, pedi mpya na mipira mipya, ndipo atafute hizo kalipa kubwa anazoziota. Na akizipata, ajue kwamba zinataka rimu zinazozitosha na mfumo unaozilingana, wala si rangi ya dhahabu peke yake.

Mwisho, kwa wazazi. Wengi wetu ndio tunaotoa fedha za kununulia vitu hivi, nasi hatuulizi zaidi ya bei. Tuombe kuiona risiti. Ikiwa ina maneno mawili tu, tuirudishe dukani pamoja na kilichoandikwa juu yake.

Ajali haina kinga, hivyo ndivyo tulivyozoea kusema tunapotoka makaburini, na neno hilo limekuwa pazia la makosa mengi. Lakini wahenga hao hao walisema pia tahadhari kabla ya hatari. Diski ya milimita 26 iliyoandikwa 28 haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyekuwa na kipimo na nia ya kukitumia. Tunawatakia wafanyabiashara wa vipuri riziki njema na ya halali. Tunachowaomba ni hiki tu, kwamba kabla ya kupokea fedha za mteja wapime, na wakishapima waandike walichokiona.